Zirkoni tatu za Morogoro

Mama yangu hakuwahi kumwaga mfuko wake kwenye karasha la mtu kabla hajaingiza mkono ndani. Nilikuwa na miaka kama tisa, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwaloni, nje kidogo ya Geita. Vumbi la mawe lilikuwa limetupaka sote rangi moja, wakubwa kwa watoto, mpaka ukimwona mtu anacheka ndipo unajua mdomo wake uko wapi.

"Mzee, hii imeoshwa?"

"Imeoshwa, mama."

"Imeoshwa na nani?"

Mzee wa karasha anaangalia pembeni. Mama anapandisha mkono wa gauni, anazamisha mkono mpaka kiwiko, anautoa ukiwa na unga wa kijivu kwenye viganja. Anauonyesha kwa watu wote waliopo, kama wakili. "Haya. Huu ni wa nani?"

Kwa asiyejua mwalo: mchimbaji mdogo analeta mawe yake kwenye mifuko ya salfeti, karasha linayasaga mpaka yawe unga, kisha unga unaoshwa kwa maji juu ya ubao wa mwinamo uliotandikwa taulo au gunia. Mchanga mwepesi unakwenda na maji, dhahabu kwa uzito wake inang'ang'ania kwenye nyuzi. Mwenye karasha mara nyingi anabaki na marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, kama sehemu ya malipo yake. Sasa mashine ikiwa haikusafishwa, mabaki ya mteja wa jana yanaingia kwenye mzigo wako wa leo, na ya kwako yanabaki humo yakimsubiri wa kesho. Wengine walikuwa wanaomba wasage baada ya mtu aliyepata mwamba mzuri. Mama hakutaka. Alichukia kuibiwa na alichukia kuiba, na alisema vyote viwili vinaanzia kwenye karasha chafu.

Leo ninafanya kazi Dodoma, na watu wakiniuliza nafanya nini huwa najibu kwamba naandaa mawe. Ndugu zangu wengi wanaamini nauza kokoto. Sijawakatalia, maana maelezo marefu yanaharibu sherehe za watu. Lakini nimeulizwa swali hilo tena wiki iliyopita, na binti mmoja wa kidato cha sita anayetaka kusoma jiolojia. Aliuliza vizuri zaidi: "Dada, mnajuaje jiwe lina miaka bilioni mbili? Nani alikuwepo?" Nikamwahidi nitaandika. Haya, mdogo wangu, hii ni yako.

Ninachotafuta ndani ya mawe ni zirkoni. Ni kijiwe kidogo kigumu sana, urefu wake mara nyingi kama sehemu ya kumi ya milimita, rangi ya chai isiyo na maziwa au kisicho na rangi kabisa. Kinaota ndani ya uji wa mwamba ulioyeyuka wakati unapoa chini ya ardhi kuwa graniti. Kinapoota kina tabia moja ambayo ndiyo inayonilisha: kinakubali atomu za urani ziingie kwenye umbo lake, lakini risasi kinaikataa. Kwa hiyo leo ukikivunja ukakuta risasi ndani, na ukaridhika kwamba hakuna kilichoingia wala kutoka katikati, unajua hiyo risasi haikuja kama mgeni. Ilizaliwa humo humo, kutoka kwenye urani.

Isotopu ni hivi. Atomu za elementi moja zote zina idadi ileile ya protoni, lakini nyutroni zinaweza kutofautiana. Ni kama ndugu wa tumbo moja, wanaitikia jina moja la ukoo, ila mmoja mzito kuliko mwenzake. Urani ya asili ina ndugu wawili wanaotuhusu hapa, 238 na 235. Wote wawili hawatulii. Wanaoza polepole kwa hatua nyingi mpaka waishie kuwa risasi: 238 inaishia risasi 206, na 235 inaishia risasi 207. Mwendo wao haubadiliki kwa joto wala baridi, wala kwa kugandamizwa, wala kwa kumwagiwa asidi. Nusu ya 238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Mdogo wake ana haraka zaidi, nusu yake huisha kwa miaka milioni 704 tu.

Kwa nini nasisitiza kwamba ni wawili? Kwa sababu wanajibu swali moja kwa njia mbili. Wazee wa baraza wakitaka kujua ukweli huwahoji mashahidi kila mmoja peke yake, asisikie mwenzake kasema nini. Uwiano wa 206 kwa 238 unatoa umri, na uwiano wa 207 kwa 235 unatoa umri. Wakikubaliana, unaandika. Wasipokubaliana, kuna jambo limekipata kile kijiwe: labda kilipashwa joto sana kikapoteza risasi, labda kina kiini cha zamani kilichovikwa ganda jipya. Mwaka 1956 George Wetherill alionyesha namna ya kuwaweka mashahidi hawa kwenye mchoro mmoja, na mpaka leo mchoro ule ndio wa kwanza kuchorwa.

Sasa nikueleze nilivyoaibika.

Mwaka 2017 nilikuwa Ujerumani nasoma shahada ya pili. Nilisafiri na sanduku lenye nguo kidogo na mawe mengi, na pale uwanja wa ndege mtu wa mizigo aliliinua, akalitua, akaniangalia usoni bila kusema kitu. Humo ndani kulikuwa na graniti niliyoivunja mwenyewe kwa nyundo njia ya Sengerema kwenda Geita, karibu kabisa na kwetu. Kulikuwa pia na naisi, mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo, kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, jiwe zuri lenye mistari ya giza na nuru na vipande vya garneti vyekundu kama punje za komamanga.

Mawe hayo mawili ni wageni kabisa kwa kila mmoja, japo yote ni ya Tanzania. Upande wetu wa ziwa umekaa juu ya bamba kongwe la ardhi, lile ambalo wanajiolojia huliita Kratoni ya Tanzania, na graniti zake nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Uluguru iko kwenye Ukanda wa Msumbiji, mshono mrefu unaopita mashariki mwa Afrika, pale ambapo mabara ya zamani yaligongana wakati Gondwana, lile bara kuu la kale, inaundwa. Zirkoni nyingi za miamba ya namna ile ziliota kwenye joto la mgongano huo, na umri wake unazunguka miaka milioni 640.

Alhamisi nikasaga jiwe la Uluguru. Ijumaa nikasaga la Geita. Karasha la maabara lilikuwa dogo, lenye taya mbili za chuma, linakaa mezani, linafungwa kwa kifuniko na bomba la kufyonza vumbi. Nililipenda mara moja. Nilijihisi niko nyumbani, ila nyumbani ambako mtu anakupa miwani ya usalama na kukusainisha karatasi.

Baada ya karasha ni chekeche, na baada ya chekeche ni meza inayotikisika huku maji yakipita juu yake, nzito zikienda upande huu na nyepesi upande ule. Meza hiyo ilibuniwa na Arthur Wilfley kule Colorado mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya migodi. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni taulo la mwalo lililosomeshwa. Kisha sumaku inavuta vyenye chuma, kisha unamimina kilichobaki kwenye kimiminika kizito ambacho kwatsi, yale madini mepesi ya mchanga wa kawaida, inaelea juu yake kama kizibo na zirkoni inazama. Mwisho kabisa unakaa mbele ya hadubini na kibano, sahani ndogo ya spiriti mbele yako, unaokota punje moja moja. Hapo ndipo siku zinapoisha. Shingo inauma, macho yanatoa machozi, na mtu akifungua mlango kwa nguvu unamlaani kimoyomoyo.

Nikaokota punje, nikazipanga kwenye gundi ya epoksi, nikazisugua mpaka matumbo yake yakaonekana, nikazipeleka kwenye leza. Leza inachoma tundu lenye upana wa maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) au zaidi kidogo, moshi wa kile kilichochomwa unabebwa na gesi mpaka kwenye mashine inayotenganisha atomu kwa uzito. Nikapima punje 37. Punje 34 zikasema bilioni 2.6 na kitu, mashahidi wote wawili wakikubaliana. Kwa umri huo, karibu theluthi moja ya urani 238 iliyoingia mwanzoni imeshakuwa risasi, na ile 235 imebaki chini ya asilimia nane. Ukiwaza kwamba kitu hicho kilikuwa kikiendelea chini ya shamba la mihogo la bibi yako bila kelele yoyote, unaweza kunyamaza kidogo. Mimi nilinyamaza.

Zile tatu zilizobaki zikasema milioni 640.

Hapo sikunyamaza. Nilikimbia kwenye ubao, nikachora ramani ya Tanzania. Nilikuwa nimegundua, nikajiambia, kwamba joto la ule mgongano wa mashariki halikuishia kwenye mshono, bali lilipenya mpaka katikati ya bamba kongwe, mpaka Geita! Usiku ule niliandika kurasa mbili na nusu. Nilikuwa tayari nimechagua kichwa cha makala.

Msimamizi wangu alisoma kurasa zote, taratibu, akanywa kahawa yake. Kisha akauliza swali moja: "Kabla ya jiwe hili, karasha lilisaga nini?"

Daftari la maabara lilikuwa limening'inia ukutani kwa kamba. Hakuhitaji hata kusimama. Alhamisi: jina langu, Uluguru. Ijumaa: jina langu, Geita. Na kwenye safu ya usafishaji nilikuwa nimeweka alama ya vema kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilikumbuka usafi wenyewe ulivyokuwa: hewa ya kompresa mara mbili, brashi, kitambaa chenye spiriti kwenye taya. Ilikuwa Ijumaa mchana na nilitaka kuwahi basi.

Kilichoniuma zaidi si daftari. Ni kwamba macho yangu yaliziona zile tatu kabla ya leza. Zirkoni za graniti yangu zilikuwa ndefu, zimechongoka ncha mbili kama penseli. Zile tatu zilikuwa duara, zenye nyuso nyingi nyingi kama mpira wa miguu, umbo ambalo kila mwanafunzi wa miamba ya joto kali anafundishwa kulitambua. Hata uwiano wa thoriamu, elementi nyingine inayoingia kwenye zirkoni, kwa urani ulikuwa mdogo, kama kawaida ya zirkoni zilizoota bila uji wa graniti. Vitu vyote vilikuwa vinaniambia. Mimi nilikuwa nachora ramani.

Msimamizi hakunikaripia. Alinipa wiki moja ya kusoma habari za watu waliokutwa na jambo hilihili, na wiki hiyo imenifaa kuliko muhula mzima.

Wa kwanza alikuwa Clair Patterson. Ukisikia mtu anasema dunia ina miaka bilioni 4.5, namba ile ni ya huyu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Chicago, amepewa kazi na mwalimu wake Harrison Brown: wewe pima risasi iliyomo ndani ya zirkoni, na mwenzako George Tilton apime urani. Wakajaribu kwanza kwa graniti ambayo umri wake ulikuwa unajulikana, ili waone kama njia inafanya kazi. Urani ya Tilton ikakubali. Risasi ya Patterson ikakataa katakata, ikawa nyingi mno kupita kiasi. Akarudia, ikawa nyingi tena.

Risasi ilikuwa kila mahali. Ilikuwa kwenye maji ya bomba, kwenye asidi alizonunua, kwenye rangi ya kuta, kwenye nywele zake mwenyewe. Unapotafuta risasi kidogo iliyomo ndani ya punje isiyoonekana kwa macho, vumbi la chumba chako linaweza kuizidi mara nyingi. Patterson akaanza kusafisha, na akaendelea kusafisha kwa miaka. Alipohamia Caltech, California, alijijengea maabara ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia dunia isiingie: hewa inachujwa, vyombo vinachemshwa kwenye asidi, kemikali zinatakaswa tena hata kama chupa imeandikwa kwamba ni safi. Mwaka 1953 akapeleka sampuli zake kwenye mashine ya maabara ya Argonne, karibu na Chicago. Sampuli yenye neno ilikuwa ya kimondo cha Canyon Diablo, kilichoanguka Arizona, kimondo cha chuma kama kile chetu cha Mbozi. Ndani ya kimondo hicho kuna vipande vya madini ya salfa na chuma ambavyo karibu havina urani kabisa, kwa hiyo risasi yake haijaongezwa kitu tangu mwanzo. Inakuonyesha risasi ya siku ya kwanza ilikuwaje. Ukiilinganisha na ya vimondo vingine na ya dunia, umri unatoka. Makala yake ya mwaka 1956 ilitoa miaka bilioni 4.55, na zaidi ya nusu karne baadaye namba hiyo haijahamishwa ila kwa kidogo sana.

Inasimuliwa kwamba usiku ule baada ya kupata jibu alikwenda kwa wazazi wake Iowa, na moyo ulimwenda mbio mpaka akamwambia mama yake ampeleke hospitali, akidhani anakufa. Ninampenda sana kwa habari hiyo. Mtu kapima umri wa dunia, kisha anamwita mama.

Lakini Patterson hakuishia kwenye vimondo. Alijiuliza hiyo risasi yote iliyokuwa inamchafulia kazi ilitoka wapi. Akaitafuta baharini, akaikuta nyingi juu ya maji na kidogo kwenye kina, maana yake ilikuwa inaingia sasa hivi, haijapata muda wa kushuka. Akaitafuta kwenye theluji ya Greenland, akaikuta inaongezeka kadiri miaka inavyosogea karibu na yetu. Chanzo kikubwa kilikuwa petroli, ambayo tangu miaka ya 1920 ilitiwa risasi ili injini zisigonge. Mwaka 1965 alichapisha makala akisema wazi kwamba watu wa zama zake wamebeba risasi mwilini kupita kawaida ya asili. Wenye viwanda hawakufurahi, na walikuwa na wataalamu wao wa kumjibu. Marekani ilichukua mpaka Januari 1996 kuipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani.

Na sisi? Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimemaliza. Nilikuwa sekondari. Sikumbuki mtu yeyote akituambia, ingawa ndicho kitu tulichokuwa tukikivuta kila siku kituo cha daladala. Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo likatolewa mwezi uliofuata na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni Nairobi. Hivyo mtu aliyekuwa anahangaika na chombo kichafu katika kupima mawe, mwisho wa hangaiko lake umefika mpaka Gigiri, mtaa wa Nairobi yalipo makao hayo.

Habari ya pili niliyopewa kusoma inatuhusu zaidi, na inauma zaidi, kwa sababu hapa watu waliona uchafu, wakausafisha, na bado ukabaki.

Mwaka 1969, mashariki mwa Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa bado Ziwa Rudolf, mtafiti kijana Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe kwenye tabaka la jivu la volkano. Tabaka likaitwa KBS kwa jina lake. Timu ya Richard Leakey, Mkenya mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, ikapeleka jivu Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller, ambao walitumia njia ya potasiamu na arigoni. Ni shauri lilelile la mzazi na mtoto: potasiamu 40 inaoza, sehemu yake inakuwa arigoni, gesi ambayo mwamba ukiwa wa moto inaponyoka yote, na ukipoa inaanza kujilimbikiza ndani ya feldspa, madini ya kawaida ya volkano yenye potasiamu. Njia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imewapa umri fuvu la Olduvai alilolipata Mary Leakey Julai 1959: miaka milioni 1.75, wakati wengi walikuwa wakikisia laki chache tu.

Jivu la KBS lilipopimwa mara ya kwanza likatoa zaidi ya miaka milioni 200, yaani zama za dainosaria. Fitch na Miller hawakuwa wajinga. Walijua mara moja kwamba jivu lile halikudondoka kutoka angani likatulia. Lilisombwa na mto, na mto ukachanganya humo mchanga wa miamba ya kale. Wakaomba sampuli nyingine, wakachagua feldspa zilizoonekana kuwa mpya, wakapata milioni 2.6, wakachapisha.

Kisha mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa wale vijana wa Kamoya Kimeu, kiongozi wa wasaka visukuku wa Leakey, waliokuwa na macho ya kuona mfupa pale ambapo wengine wanaona kokoto, akaona vipande vya fuvu chini ya tabaka lile. Ndilo fuvu lenye namba ya makumbusho KNM-ER 1470. Fuvu lenye ubongo mkubwa, na kama jivu lililo juu yake lina milioni 2.6, basi lenyewe ni la zamani zaidi. Likatangazwa kuwa na karibu milioni 2.9. Dunia nzima ikasisimka.

Waliokataa walikuwa nguruwe. Sitanii. Basil Cooke alikuwa bingwa wa meno ya nguruwe wa kale, na meno hayo yanabadilika kwa mpangilio kadiri zama zinavyopita. Nguruwe wa chini ya KBS walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, kwenye matabaka ya karibu miaka milioni mbili. Kwa hiyo ama nguruwe wa Turkana waliwatangulia wenzao wa Omo, umbali wa siku chache kwa mguu, kwa zaidi ya miaka nusu milioni, ama saa ya jivu ilikuwa na kasoro. Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake wa Berkeley wakapima tena wakapata milioni 1.8 kwa sehemu moja na 1.6 kwa nyingine, na ugomvi ukawaka vizuri. Ulikuja kuzimwa miaka ya 1980, Ian McDougall wa Australia alipochukua fuwele safi kutoka kwenye mawe ya povu, punje zilizotoka tumboni mwa volkano yenyewe, akapata milioni 1.88, na njia nyingine ikaafiki.

Kilichonikaa rohoni ni kile kipimo cha kati. Milioni 200 haikudanganya mtu, ilikuwa kosa kubwa linaloonekana toka mbali. Milioni 2.6 ilikuwa na adabu. Ilivaa vizuri, ikasema jambo ambalo watu walitamani kulisikia. Zirkoni zangu tatu nazo zilikuwa na adabu ya namna hiyo. Zingesema bilioni kumi ningezitupa siku ileile.

Basi nikarudi kwenye karasha. Safari hii nilifungua taya zote mbili kwa spana, nikazitoa. Nyuma ya sahani moja, kwenye ufa ambao hewa ya kompresa haifiki, kulikuwa na unga umeganda, na ndani ya unga huo chembe nyekundu. Garneti. Graniti yangu ya Geita haina garneti hata ya dawa. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikaosha, nikakausha, nikasaga mchanga safi wa kwatsi na kuumwaga, nikasaga tena na kuumwaga, ndipo nikaweka kipande kilichobaki cha graniti. Nikaokota upya punje 60. Ilinichukua siku nne. Zote zikasema bilioni 2.6 na kitu.

Ile epoksi ya kwanza ninayo bado, iko kwenye droo ya meza yangu hapa Dodoma. Ukiiweka chini ya hadubini unaziona zile tatu, kila moja na tundu lake katikati, zimekaa na wenyeji wao kama watu waliopanda basi lisilo lao.

Nilimpigia mama Jumapili iliyofuata. Nilimweleza yote, bila Gondwana. Nyuma yake nilisikia kuku na redio.

"Kwa hiyo ulichanganya za watu," akasema.

"Zote zangu, mama. Ila mawe tofauti."

"Hukuingiza mkono?"

"Wapi?"

"Kwenye karasha."

"Mama, karasha la huku dogo. Mkono hauingii."

Akanyamaza kidogo. Nilimsikia akimfukuza kuku.

"Kidole je?"